Fundi Aliyerudi Kuweka Linux

Wale ambao wameshaanza kucheka, wacheke kabisa, wakimaliza wanisikilize. Nimechoka kuambiwa kwamba nilisinzia, kwamba nilikuwa na malaria, kwamba mwanamke akikaa mbele ya kompyuta siku nzima lazima aone vitu. Sikusinzia. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimekula ugali na dagaa nikashiba, na ilikuwa mchana, jamani, mchana! Kila mtu ana kisa chake cha usiku na barabara tupu na mwanamke mrembo asiye na nyayo. Mimi wangu alikuja mchana, mvua ikinyesha, akapiga hodi mlango wa mbele kama mtu aliyelelewa vizuri.

Ilikuwa Kalemie, mji wetu wa ziwani, ng'ambo ya Kigoma, miaka ile ya vita, wakati watu wa vijijini walikuwa wanamiminika mjini na vifurushi vichwani, na kila kiwanja kilichokuwa wazi kikajaa vibanda vya matawi na maturubai. Nilikuwa sekreteri kwenye redio moja ndogo si mbali na bandari. Jina lake silitaji kwa sababu Direktere wake, mkuu wetu wa kazi, bado yu hai na bado anapenda kushtaki watu. Sekreteri ni maneno tu. Tangu fundi wetu asafiri, kila kitu chenye waya kilikuwa juu yangu.

Fundi huyo ni Papa Sefu. Mtu wa zile familia za Waislamu wa pale ziwani, mpole, kofia yake nyeupe kila siku, sauti ya chini. Alikuwa na ugomvi na kitu kimoja tu duniani: virusi vya kompyuta. Kwetu hakuna anayepakua kitu kwenye intaneti, ni polepole na ni ghali. Tunanakiliana. Wewe unachukua kwa jirani yako na kile kijiti cha USB tunachokiita kle, jirani alichukua kwa shemeji yake, shemeji alichukua chuoni. Programu moja inazunguka mji mzima hivyo, na virusi vinazunguka nayo. Ndiyo maana Papa Sefu aliweka Linux kwenye kompyuta ya redio, na diski zake zote alizipanga kwa namna ya Linux. Direktere alikuwa anamcheka.

Basi Direktere akamtuma Papa Sefu Kabalo kwa garimoshi, na kinasa sauti na diski moja ya kuhifadhia. Kule reli zinakutana, na kulikuwa na watoto wengi waliopotezana na wazazi wao wakikimbia. Kazi yake ilikuwa kuwarekodi: mtoto aseme jina lake, jina la mama yake, kijiji chake. Kila jioni, baada ya komunike, yaani matangazo ya vifo, tungepitisha sauti hizo hewani, na mzazi akisikia mtoto wake aje. Kazi nzuri. Sitasema ubaya wa kazi yenyewe.

Diski ya sauti ilifika, imeletwa na mfanyakazi mmoja wa reli, imefungwa ndani ya kitambaa. Papa Sefu hakufika. Tulingoja. Garimoshi likaja, halafu likaja tena, yeye hayumo. Mnajua Direktere alifanya nini? Alituma mtu amtafute? Aliuliza hata polisi? Alichukua maikrofoni, saa ya habari, mji mzima unasikiliza, akatangaza kwamba fundi wa redio ametorokea Kigoma na kinasa sauti, na wananchi wajihadhari naye. Mke wake, Mama Zaina, alisikia akiwa uani anafua. Watu wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni sokoni. Mtu mwenye watoto, aliyefanya kazi ile miaka yote, anaitwa mwizi hewani bila hata kuulizwa. Hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Kwenye baraza ya redio alikuwa anakaa mama mmoja mkimbizi, tulimwita Mama Feza. Alitoka upande wa Piana-Mwanga. Siku walipokimbia, mkono wa binti yake ulimponyoka katikati ya watu, na tangu hapo hakumwona tena. Yule mfanyakazi wa reli alimwambia kwamba kule Kabalo alimsikia Papa Sefu akimrekodi mtoto anayeitwa Feza. Lakini akina Feza ni wengi kwetu. Mama alitaka jambo moja tu: asikie sauti. Sauti ya mwanawe angeijua. Kila asubuhi alikuja, akaketi, akauliza kama siku yenyewe ndiyo leo, "Leo njo siku?" Na mimi nilimjibu bado.

Bado, kwa sababu kompyuta ya Linux ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Ilibaki laptop yangu tu, ya Windows, na Windows haisomi diski ya Linux. Ukiichomeka, inakuambia diski hii haieleweki, je, unataka kuifuta ili uitumie? Na chini kuna kitufe cha ndiyo. Kitufe kimoja, sauti zote za watoto zimekwenda.

Direktere alisimama nyuma yangu akasoma.

"Bonyeza ndiyo," akasema.

"Papa Direktere, humu muko sauti za watoto!"

"Muko virusi vya ule mwizi. Kuna mukubwa anakuja kutoa hotuba, nataka nafasi ya kumurekodi. Kesho asubuhi niikute tupu. Kama wewe unaogopa, nitabonyeza mwenyewe."

Akaondoka na gari kwenda kula. Mvua ikaanza. Mama Feza alikuwa dirishani, alisikia kila neno. Hakulia. Alinitazama tu, na mimi nikaona aibu ambayo haikuwa yangu.

Nikaamua nitafungua diski ile siku hiyohiyo. Kuna namna ya kuweka kompyuta ndani ya kompyuta. Unaitengea laptop yako sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski, inajifanya mashine nyingine kamili, na ndani yake unaweza kuweka Linux bila kuigusa Windows. Ni sawa na kumpa mgeni chumba. Faili ya kuwekea Linux nilikuwa nayo, nimeinakili kwa jamaa mmoja wa chuo. Mwanzoni mashine ilikataa hata kuwaka, nikagundua kwamba kwenye mipangilio ya chini kabisa ya laptop ruhusa ya mashine za namna hiyo ilikuwa imefungwa. Nikaifungua mwenyewe, mniheshimu. Ikawaka. Ikaanza kuweka. Ikafika karibu na mwisho, ikasimama: imeshindwa kusoma, huenda diski au kle ina kasoro.

Nikaongeza kumbukumbu. Ikasimama palepale. Nikafuta mashine, nikaunda nyingine yenye diski kubwa zaidi. Palepale. Nikatuma mtu kwa jamaa mwingine, akaniletea kle yake, nikaanza upya. Palepale! Nilitaka kuitupa laptop ziwani. Halafu jenereta ikakohoa, ikazima. Zamu wetu, yaani mlinzi, alikuwa ameshaniambia petroli inaisha. Betri ya laptop yangu ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kioo kikawa cheusi. Nikaweka kichwa mezani nikatukana, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

"Hodi."

Nikainua kichwa. Papa Sefu alikuwa mlangoni, na kofia yake.

Na papo hapo jenereta ikawaka. Nikasema moyoni, zamu amepata petroli. Mtu mwingine angefikiri nini?

Mnadhani niliogopa? Sikuogopa hata kidogo. Nilikasirika! Kwangu mimi alikuwa mtu mzima, hai, aliyetuacha kwenye matatizo. Sikumwambia hata karibu.

"Papa Sefu! Uko unatoka wapi? Wanasema ulikimbia Kigoma! Bibi yako wanamucheka sokoni, mimi niko nahangaika hapa peke yangu, na weye unasimama kwa mulango unasema hodi?"

"Pole na kazi, dada," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Kigoma nitaenda kufanya nini?"

"Umefika nyumbani?"

"Bado. Nilikawia njiani. Sauti za watoto, mulizipitisha?"

"Tutapitisha na nini? Ordinatere yako ya Linux iliungua, na Direktere anataka kufuta diski kesho."

Hapo ndipo nilipomwona Papa Sefu akikasirika, mara ya kwanza tangu nimjue. Hakupaza sauti. Uso wake ulikaza, akatazama ile diski mezani. Akaja nyuma ya kiti changu. Nikamvutia kiti kingine, akakataa. Nikamwambia kwenye termosi mna chai, akasema asante, akaiacha. Na viatu vyake nikaviona. Nje maji yalikuwa yanapita barabarani mpaka kwenye vifundo vya miguu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu, vina vumbi jekundu la kandokando ya reli. Macho yangu yaliona. Kichwa changu kilikuwa kinagombana.

Laptop ikawaka. Nikamwonyesha kosa.

"Umebadilisha nini?" akauliza.

"Kila kitu. Memwari, diski, mashine yenyewe."

"Na faili?"

"Nilichukua kwa watu wawili tofauti."

"Na wao waliichukua wapi?"

Ndipo nikakumbuka. Wote wawili waliichukua palepale chuoni.

"Dada, weye uko unapika na unga mubovu, halafu unabadilisha sufuria."

Akanieleza pole pole. Faili kubwa ikinakiliwa na umeme ukakatika katikati, inaweza kuonekana nzima lakini ndani imevunjika kidogo, na kila anayenakili ananakili na ufa wake. Mji mzima tulikuwa na faili moja iliyovunjika, tunapeana kwa furaha. Watengenezaji hutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, alama ya faili iliyo salama. Unaiambia kompyuta yako ihesabu alama ya faili yako, halafu unalinganisha.

"Lakini bila intaneti nitalinganisha na nini?" nikauliza.

Akaanza kunitajia. Kwa kichwa! Herufi, tarakimu, herufi, tarakimu, anatazama dirishani kwenye mvua, hakosei, hasiti. Nani anaweza kukariri kitu kama hicho? Niliandika mkono ukiniuma. Nikalinganisha na yangu, hazikufanana hata mwanzo. Akatoa kle kwenye mfuko wa shati, kle yake ya zamani iliyofungwa uzi. Vidole vyetu vikagusana. Vilikuwa vya moto, ndugu zangu, si vya baridi kama mnavyosimuliwa. Vya moto, moto wa reli iliyopigwa jua.

Alama ya faili yake ilifanana herufi kwa herufi. Nikaanza kuweka. Ikafika pale ilipokuwa inakwama, ikapita. Mashine ikauliza jina la mtumiaji na neno la siri. Papa Sefu akainama, akaandika mwenyewe haraka haraka. Halafu akanionyesha jambo la mwisho, ambalo nisingelijua: diski ukiichomeka, Windows inaikamata kwanza, lazima uinyang'anye na kuikabidhi mashine ya ndani. Nikafanya. Dirisha likafunguka, na sauti zote zilikuwepo, kila moja na jina la mtoto.

"Nakili kwanza yote," akasema. "Halafu ufungue ya Feza."

Nikanakili upande wa Windows mpaka ya mwisho. Nikafungua.

"Miye naitwa Feza. Mama yangu njo Anjelani. Tulikuwa tunalima mihogo. Mama, niko Kabalo, kwa mama moya wa kuuza mafuta ya ngazi, karibu na gare ya garimoshi. Sikulia. Kuja."

Sikuwa nimemaliza kusikiliza mlango ulipofunguka kwa kishindo. Mama Feza alikuwa amesikia kupitia dirisha. Alipita kwenye mlango, akaanguka magoti mbele ya laptop, akaikumbatia kama mtoto mwenyewe yumo ndani. "Njo yeye! Njo mutoto wangu!" Nikalia naye. Nilipogeuka nimshukuru Papa Sefu, hakuwepo. Jenereta ikazima.

Nikatoka mbio barabarani. Hakuna mtu. Nikamkuta zamu amejikunyata chini ya bati.

"Papa Sefu amepita wapi?"

"Papa Sefu gani?"

"Na petroli uliitoa wapi?"

Akanitazama kama mgonjwa. "Petroli gani, mama? Ile mashine ilizima tangu mvua inaanza kukaza. Sijaigusa."

Alifungua tangi mbele yangu. Kavu. Akaweka kiganja kwenye injini, akaniambia niweke na mimi. Baridi. Bado nilijiambia kuna maelezo. Kuna maelezo, sivyo? Nikamuuliza Mama Feza. Akasema ndiyo, alipokuwa anaingia alipishana na mwanaume mwenye kofia nyeupe anayetoka, na kilichomshangaza ni kwamba aliingia kwenye mvua ile na shati lake halikulowa. Basi, mashahidi wawili. Lakini nani anahesabu ushahidi wa mkimbizi? Walisema huzuni imemharibu akili. Mama aliyeitambua sauti ya mwanawe kwa neno la kwanza ndiye asiyekuwa na akili!

Jioni umeme ulirudi, tukapitisha sauti zote. Nilimwambia Direktere kwamba Papa Sefu alikuja na ndiye aliyenisaidia. Nilidhani ataona haya. Yeye akatuma polisi usiku uleule nyumbani kwa Mama Zaina, wakapindua magodoro ya watoto wakitafuta kinasa sauti. Kesho yake Mama Zaina akanijia, kanga imefungwa kiunoni.

"Mume wangu anafika kwa biro yako, pale redio, kwangu hafiki? Niambie ukweli, mwanamuke. Munamuficha wapi?"

Nilimwapia kila kiapo ninachokijua. Alitema mate chini akaenda zake, na kwa siku nyingi nilipita njia nyingine ili nisikutane naye.

Halafu garimoshi likaleta mtoto. Yule mama wa mafuta ya ngazi, yaani mawese, alikuwa amesikia redio yetu ikitangaza kwamba mama yake yuko kwetu, akamleta Feza mwenyewe mpaka barazani kwetu. Sitawasimulia walivyokutana na mama yake, maneno yangu hayatoshi. Walipotulia, nikamwambia Feza kwamba yule Papa aliyemrekodi ndiye aliyefanya sauti yake ifike.

Mtoto akanitazama. "Ule Papa wa kofia? Alikufa."

"Hapana, mwanangu. Alikuja hapa."

"Alikufa," akasema tena, na yule mama wa mafuta akatikisa kichwa kukubali. Garimoshi lilikuwa tayari kuondoka, na Papa Sefu alikuwa ndani kwenye nafasi yake. Lakini watoto wengine walikuwa wamefika kutoka porini, hawajarekodiwa. Akamkabidhi yule mtu wa reli diski, akashuka. Garimoshi likaondoka bila yeye, na mchana uleule watu wenye silaha wakaingia. Wanawake wa soko ndio waliomzika, kando ya reli, na kinasa sauti chake kilichovunjika.

Mmeelewa? Kabla diski haijafika Kalemie, Papa Sefu alikuwa ameshazikwa. Aliyesimama nyuma ya kiti changu na vumbi la reli kwenye viatu alikuwa marehemu. Na wakati anatajwa mwizi hewani, alikuwa chini ya ardhi kwa sababu ya kazi ya redio ileile.

Kwetu mtu hajafa mpaka redio iseme. Komunike ikisomwa ndipo ndugu wanatoka mbali, mkeka unatandikwa, hitima inasomwa, mjane anaitwa mjane. Nilimpelekea Direktere komunike ya Papa Sefu. Akakataa. Hakuna maiti, hakuna karatasi ya hospitali. Tena atasemaje leo amekufa, wakati alishasema ametoroka? Hilo ndilo lililomsumbua! Si mtu, ni neno lake.

Jioni, nilipomaliza kusoma komunike za wengine, nikasoma ya Papa Sefu. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nikasema jina lake lote, jina la mke wake na watoto wake, mahali alipozikwa, na nikasema hivi: hakukimbia, alishuka kwenye garimoshi kwa ajili ya watoto. Direktere akaja mbio akazima mtambo, akanifukuza kazi hapohapo. Lakini nilikuwa nimeshamaliza. Nilipofika kwa Mama Zaina, uani palikuwa pameshajaa, na yeye aliponiona alinyanyuka mkekani akanishika shingoni, akalia kilio alichokuwa amekizuia muda wote ule kwa sababu hakujua ni cha nini.

Sasa nina kibanda changu cha kuchapia karatasi. Laptop ile bado ninayo, na ile mashine ya ndani haijawahi kufunguka tena. Ukiiwasha inaonyesha jina Sefu na inangoja neno la siri. Vijana wanaojua Linux wameniambia kuna njia rahisi ya kulipita. Najua ipo. Nimewakataza. Na kila mvua inapokaza mchana, siwezi kukaa nimeupa mlango mgongo, hata kama duka limejaa watu.

Kwa hiyo nawaonya, na wewe Direktere ukisikia, najua unasikia, nakuonya wa kwanza. Vita vimemeza watu wengi njiani, tuliowatuma sisi wenyewe. Usiseme juu ya mtu asiyekuwepo kwamba ametoroka, kwa sababu tu ni rahisi kuliko kumtafuta. Mimi Papa Sefu alinikuta nahangaika na kazi yake, akanisaidia, akaenda. Wewe siku atakayopiga hodi kwako, atakukuta unafanya nini?